Gitaa Ngapi?

Kuna ubishi kati yangu na baba ambao haujaisha tangu nikiwa na miaka saba. Unahusu wimbo "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco. Baba anasema humo ndani mna watu wawili wanaopiga gitaa. Mimi nasema yumo mmoja.

Kaseti yenyewe tulivuka nayo ziwa mwaka 1996, usiku, katika mtumbwi uliojaa watu hadi maji yakawa yanachungulia ndani. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na sufuria mkononi. Baba alibeba redio kaseti iliyofungwa ndani ya kitenge cha mama, na kitenge hicho mama hajakisamehe hadi leo. Tulipofika Nyarugusu, kambi ile ya wilaya ya Kasulu, Tanzania, betri zilikuwa adimu kuliko chumvi. Tulizianika juani juu ya bati ili zirudishe nguvu kidogo. Zikichoka, Bosco naye alichoka: sauti ilizama, gitaa likaanza kwenda kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Watoto wenzangu waliondoka wakicheka. Mimi nilibaki, kwa sababu wimbo ukienda polepole hivyo ndipo niliposikia kila uzi unapoguswa, nikaanza kuhesabu. Nikapata mtu mmoja. Nikamwambia baba. Akaniambia masikio yangu bado madogo.

Huyo Bosco ndiye mwimbaji ninayempenda kuliko wote, na sikuwahi kumwona. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kule Katanga, makao ya Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi akiwa na sauti yake na gitaa lake basi. Sahani zikatoka Afrika Kusini kwa chapa ya Gallotone, zikasambaa hadi Nairobi, ambako vijana walikaa usiku kucha wakiiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipanda jukwaani Newport, Marekani, kwenye tamasha lao kubwa la nyimbo za asili. Septemba 1990 akafa kwa ajali ya gari Zambia. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo tulipishana mlangoni.

Kivu yetu nayo ina wake. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, na akisimama peke yake na gitaa hahitaji mtu wa kumsindikiza. Lakini huyo nimemwona kwenye simu tu, na simu haimalizi ubishi na baba.

Basi mwaka 2019, wakati huo nafundisha Uvira, mwalimu mwenzangu mzaliwa wa Baraka aliniambia kwao kuna mzee anayepiga "Masanga" akiwa peke yake, gitaa kavu, bila spika wala waya. Jina lake silitaji. Aliniomba nisiandike, kwa sababu kanisa analosalia haliwapendi wanaopiga nyimbo za dunia, na yeye bado ana kiti chake cha mbele kule. Nilisubiri shule zifunge mwezi wa saba, nikapanda gari.

Kutoka Uvira hadi Baraka haifiki kilomita 100, lakini usimwambie hivyo mtu aliyeketi nyuma ya Land Cruiser kati ya gunia la unga na mama mwenye kuku watatu. Barabara inafuata ziwa. Mkono wa kushoto maji, mkono wa kulia milima, na nyumba zimebanwa katikati. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Vumbi lilitufanya sote tufanane. Tulipita Makobola, ambako watu wengi waliuawa mwaka 1998 ukiisha na 1999 ukiingia, na ndani ya gari maneno yakapungua bila mtu kuamuru. Swima, Mboko, kisha Lusenda, ambako Warundi wamepangiwa kambi tangu 2015. Niliyatazama yale maturubai nikajikuta nahesabu safu, tabia niliyoitoa Nyarugusu. Pande zote za ziwa hili watu wamekuwa wakipishana, huyu akienda kwa yule na yule akija kwa huyu.

Penye kizuizi kimoja, sitasema kipi, kamba ya manila ilivutwa mbele ya gari na tukaombwa faranga za "maji ya kunywa". Dereva alilipa bila kushuka. Mama wa kuku akauliza kwa sauti kama wale vijana wanakunywa ziwa zima.

Tulivuka mto Mutambala jua likiwa limelala, na Baraka ikafunguka mbele yetu. Mji umekaa ndani ya ghuba, na ng'ambo yake imejilaza Ubwari, milima iliyoingia ziwani kama mkono uliokunjwa. Msafiri wa Kizungu Burton alipopita na mwenzake Speke mwaka 1858 alidhani ni kisiwa. Jina la Burton limebaki kwenye ghuba hiyo katika ramani za Wazungu. Wavuvi niliowauliza hawakuwa na habari naye. Wageni wa siku hizi huuliza habari za Che Guevara, aliyekuwa huku mwaka 1965. Mimi nilipouliza habari za gitaa, kijana wa mapokezi katika nyumba ya wageni alinitazama mara mbili.

"Mzee wa gitaa? Hayuko. Alienda Fizi, kule kwa matanga."

"Atarudi lini?"

"Matanga ikiisha."

Nililala kwa hasira. Kwanza nilikula, lazima niseme kweli: bugali wa muhogo, sombe iliyopikwa na mawese, na mikebuka wawili wa kukaanga, samaki wale wembamba ambao Kigoma huitwa migebuka. Hasira ilipungua nusu. Nusu nyingine ilikaa hadi usiku wa manane, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na baa na upande wa pili kanisa, kila mmoja na jenereta yake na spika yake, wakishindana nani atampata mlevi yule yule. Ndivyo muziki unavyoishi Baraka, na Uvira, na kila mji wetu ninaoujua: lazima ufike mtaa wa tatu ndipo uhesabiwe kuwa muziki. Nikajiuliza mzee mwenye gitaa kavu anasikika wapi.

Asubuhi nilikodi moto, yaani pikipiki. Fizi ni kama kilomita 35 kutoka Baraka, na karibu zote ni kupanda. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, ameifunga spika ndogo kwenye usukani kwa mpira wa baiskeli, na Diamond akatuimbia hadi mlima wa kwanza. Aliponiuliza ninakwenda kufanya nini nikamweleza. Akafikiri muda mrefu.

"Yaya, huyo mzee hana ngoma?"

"Hana."

"Hana biti?"

"Ana kidole gumba."

Alicheka hadi moto ikayumba. Mbele kidogo mnyororo ukakatika, akaacha kucheka. Tulikaa kando ya njia saa nzima tukisubiri apite mwenye kipande cha kuungia. Kule chini ziwa lilikuwa limebaki utepe wa buluu, hewa imekuwa nyepesi, na wanawake waliotoka mashambani walishuka na vikapu vya muhogo wakitusalimu kwa Kibembe. Niliitikia kwa lafudhi ya kambini. Wakacheka wao kwa wao. Kibembe changu nimekijulia Tanzania, na kila nikirudi nyumbani kinanisaliti kabla sijamaliza salamu.

Nyumba ya matanga haikuhitaji kuulizwa. Turubai lilikuwa bado limesimama, lakini masufuria makubwa yalikuwa yameoshwa na kufunikwa, maana siku hiyo ndiyo walikuwa wanaondoa matanga. Aliyefariki alikuwa rafiki wa Mzee tangu ujana wao Kalemie, ambako wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Na Kalemie ndiko lilikotoka gitaa. Reli ya kutoka kusini mwa Katanga inaishia pale ziwani. Sahani za Bosco ziliteremka kwa treni pamoja na watu na mizigo, zikapanda boti kuja kaskazini. Mzee alijifunza kwa karani mmoja wa reli aliyekuwa na santuri. Alikuwa akimpelekea samaki, naye karani akimruhusu asikilize sahani mara tatu. Samaki mmoja, mara tatu.

Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, mtu mfupi mwenye koti lililopigwa pasi. Nikainama, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Wewe uko mutoto ya nani?"

Nikamtajia baba na babu na kijiji. Akapanga majina kichwani kama mtu anayepanga karata, akampata shangazi wa babu yangu, akaridhika. Ndipo nikasema nimekuja kusikia "Masanga". Hakujibu. Aliagiza niletewe chakula.

Jioni, baada ya maombi na baada ya mchungaji kuaga, benchi zilisogezwa. Tulikuwa watu kama ishirini na tano, wengi wao wazee, na watoto wasiohesabika ukutani. Dereva wangu wa moto naye alikaa, alisema ni kwa ajili ya usalama wangu. Hakukuwa na jenereta. Taa mbili za sola zilining'inizwa kwenye turubai, na mjukuu akatoka ndani na gitaa amelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Nililiangalia lile gitaa kwa karibu. Lilikuwa limepasuka tumboni, na ufa umezibwa kwa gundi na kipande cha ubao wa sanduku. Nyuzi tano zilikuwa za dukani; ya sita, ile nene ya juu, ilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Kwenye shingo Mzee alikuwa ameilaza penseli fupi juu ya nyuzi na kuikaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ili sauti ipande ifikie koo lake la sasa. Penseli ilikuwa ya njano, na meno ya mtoto fulani yameacha alama mwishoni.

Mjukuu alikuwa na chupa ya Fanta na kijiti, tayari kuikwaruza, kama zinavyosikika katika sahani nyingi za zamani. Mzee akamzuia kwa jicho. "Leo peke yangu," akasema. Kijana akaiweka chupa chini, uso umeanguka.

Alianza bila kutangaza. Na hakuanza na Bosco. Alipiga nyimbo zake mwenyewe, nne, zote kwa Kibembe, na kati ya moja na nyingine hakusubiri makofi. Alikohoa, akakaza ufunguo mmoja, akaendelea. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu, naamini aliitunga wiki ile ile, maana mara mbili alisimama akitafuta neno na dada wa marehemu akampa. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekwenda Kigoma na mkeka akarudi bila mkeka. Watu walicheka, na mimi nikacheka nusu sekunde nyuma yao, nikisubiri Kibembe changu kinifikishie. Ya tatu ilikuwa ndefu, na kusema kweli ilinichosha. Ya nne ndiyo iliyonishika. Ilikuwa ya mwanamke anayeuza ndakala sokoni, anayepima kwa kikombe, na kila beti kikombe kinapungua. Mzee aliimba sehemu ya kikombe kwa sauti ndogo, kisha ndogo zaidi, hadi mwisho akawa anasogeza midomo tu na gitaa likiendelea chini yake. Watu ishirini na tano waliinama mbele kwa pamoja. Mbwa alibweka mahali fulani bondeni, tukamchukia sote.

Hapo ndipo niliacha kujiuliza swali la Baraka. Sauti ya Mzee haifiki mtaa wa tatu. Haikufika hata kwenye ukuta walikokaa watoto. Niliwaona wakishuka mmoja mmoja, bila kuitwa, na kuja kukaa chini miguuni mwetu. Dereva wangu alikuwa ameizima simu. Aliniambia baadaye ilikuwa imekwisha chaji, lakini nilimwona akiizima.

Nilijipa ujasiri. "Mzee, na 'Masanga'?"

"Unataka kama ya kwenye sahani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sahani inaimbaka vile vile kila siku. Mimi niko mutu."

Lakini akapiga. Nilisogea hadi nikawa mbali naye kama urefu wa mkono mmoja, na macho yangu hayakutoka kwenye mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vya mwisho vilikuwa vimelala juu ya ubao bila kazi yoyote. Kazi yote ilikuwa ya viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilikwenda chini na juu kwenye nyuzi nene, hatua kwa hatua, halikukimbia wala halikusimama. Kidole cha shahada kilifanya utundu wake kwenye nyuzi nyembamba: kinaingia mapema, kinachelewa, kinasema neno na kulirudia kinyume. Ukiangalia gumba, unasikia mtu anayetembea. Ukihamisha jicho, unasikia mwingine anayemsimulia jambo njiani. Nilifumba macho kidogo kujaribu masikio ya baba, na kweli, walikuwa wawili. Nikafumbua, akawa mmoja, mzee mfupi mwenye koti.

Tena haikuwa "Masanga" ya kaseti yetu. Ilikuwa nzito zaidi. Gumba lake lina kovu refu, uzi wa kuvulia ulilikata hadi mfupani zamani, na tangu hapo halinyanyuki vizuri. Linagonga kwa ubavu, na ule waya wa breki unajibu kwa mkwaruzo. Mwanzoni ule mkwaruzo uliniudhi. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutafuta kitu nilichokijua kila sekunde, na huyu alikuwa ananiharibia. Pale ambapo kwenye kaseti kuna mahali panaposhuka taratibu, yeye alipanda. Pale ambapo kaseti yetu ilikuwa imelegea utepe, pakawa na kidonda cha sauti nilichokuwa nikikisubiri kila mara kama sehemu ya wimbo, hapakuwa na kitu, alipita tu. Sijui ni wakati gani niliacha kulinganisha. Najua kwamba alipomaliza nilikuwa nimekunja vidole vyangu vitatu vya mwisho ndani ya kiganja, na vilikuwa vinauma.

Watu walipiga makofi mafupi. Dada wa marehemu alimpelekea Mzee kilo mbili za sukari kwenye mfuko mweusi, akazipokea kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yetu sote.

Asubuhi nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza ubishi wa baba. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza sifa zangu zote za jana.

"Baba yako anapigaka gitaa?"

"Hapana."

"Basi hana kosa. Hata mimi kwa karani nilikuwa naona ni wawili. Nilimuliza ule mwingine iko wapi." Alicheka, akaonyesha gumba lenye kovu. "Nilitafuta miaka mbili. Iko hapa."

Akaniwekea gitaa mapajani, akanikunja vidole vitatu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nitembeze gumba tu, nisifanye lingine. Nilitembeza. Baada ya dakika tano gumba lilianza kumfuata shahada kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Akalichukua gitaa lake, bila ukali.

Kutoka Fizi tuliteremka haraka, mnyororo ukavumilia. Nilipofika Baraka nilikwenda moja kwa moja ufukweni, penye mitumbwi, nikampigia baba. Yeye bado yuko Nyarugusu. Mama na sisi watoto tulirudi na meli za UNHCR zilizoanza kuleta watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Yeye alisema atafuata mambo yakitulia, na bado anapima utulivu huo kwa kipimo chake mwenyewe. Ilinibidi nipige mara tatu. Nyuma yake nilisikia kuku na redio.

Nikamwambia nimetoka Fizi, nimekaa mbele ya mtu anayepiga "Masanga", karibu kiasi cha kumgusa, nimetazama mwanzo hadi mwisho. Vidole viwili. Mtu mmoja. Nimeona kwa macho yangu.

Alinyamaza hadi nikadhani faranga zimekwisha.

"Huyo wa Fizi yuko mmoja," akasema. "Mimi nazungumza habari za Bosco."